Farasi wa Justus na Elijah

Ijumaa tarehe 14 Desemba 2018, saa tatu na robo asubuhi, simu ilitoka kwenye kambi ya wafanyakazi: Justus, seremala, moyo umesimama akiwa usingizini. Wenzake walibaki kwenye benchi lao nje ya duka la kahawa, Ruwais, Jeddah. Elijah, mpaka rangi, hakulia. Alichokiwaza ni ule ukuta walioujenga pamoja kwenye jumba la maonyesho: mbao nyembamba zilizosimama wima, upande mmoja farasi amekunja miguu, upande wa pili ameinyoosha. Ukipita mbele yake, farasi anakimbia. Mhandisi alipiga picha na Justus. Elijah aliambiwa asogee kando.

— Alikuwa fundi, — alisema Derrick, dereva waliyemwita Dokta.

— Fundi wa misumari! Farasi nilimchora mimi, — Elijah alisema.

— Mhandisi alisema ukuta huo ni mambo ya sinema za kwanza, — Derrick akaendelea, — zile za bila sauti. Waliozitazama walipagawa, wakaanza kujenga kumbi ambazo ukitembea, ukuta nao unageuka.

— Si kumbi tu, — akadakia Morgan, mlinzi, ambaye kwa kujua kila kitu walimwita Gazeti. — Hata maghorofa ya vioo ya Riyadh. Kila dirisha ni kipande cha filamu. Bosi wangu akishuka ngazi namwona hivyo hivyo: kiatu, tumbo, hasira.

— Basi lifti nayo ni sinema, Gazeti? — Derrick aliuliza.

— Sasa je! Siku moja mtaa mzima utakupita ukiwa umeketi hapa, na ikama yako, kibali chako cha kuishi huku, iishe hujainuka.

Walicheka, kisha wakakumbuka msiba.

— Na sifa zote bado ni za Justus, — Elijah alisema.

Japheth, aliyetua juzi kutoka Kitale, aliweka kikombe chini.

— Samahani, kaka zangu. Marehemu mwenyewe aliwahi kumwona huyo farasi akikimbia?

Justus alikuwa akipigilia misumari upande wa nyuma siku zote.

Jioni iliyotangulia, Justus alikuwa amemwita Elijah: “Eli, twende tukamwone farasi wako kabla hawajafunga jumba.”

“Nenda na mhandisi wako. Halas, yaishe.”

Kama alikwenda peke yake, Elijah hakujua. Alivua kofia, akasali kwa sauti ya chini, kama Wakristo wanavyosali huku, wasisikike.

— Ee Mungu, mpokee ndugu yetu Justus. Mfute mama yake machozi kule Bungoma. Mimi nilimwonea kijicho, naye hakuninyima kitu. Umpe raha ya milele. Amina.