Kibuyu cha Uwele

Sogeeni wanangu. Gasto, kaa hapo kwenye kigoda, na wewe Evodia nishikie hicho kikombe cha uji, maana sauti yangu iliyokuwa inashinda honi ya lori kutoka hapa Sepuka hadi Lubumbashi, leo haivuki hata blanketi. Nimezunguka nchi za watu, nimelala chini ya tela pale Tunduma, nimetukanwa kwa lugha nyingi nikajibu kwa zote, na nilichorudi nacho ni kiuno kibovu na kofia hii. Kofia nizikeni nayo. Kiuno hamna namna ya kukiacha.

Ng'ombe mnawajua, gawaneni bila kelele. Yule jirani yetu Paskali, aliyesogeza mpaka kwa kupanda minyaa ndani ya shamba letu, mwacheni. Hata huko alikosogea mvua haijamfuata.

Neno langu ni shamba. Tangu waseme biashara ni huria, na lile lori la mahindi lianze kusimama barabarani, wewe Gasto hupandi kingine, na sikulaumu, kwa kuwa lori halinunui uwele. Lakini mwaka huu umeona: mvua ilikuja, ikatusalimia, ikaondoka mahindi yakitoa mbelewele, na mabua yakabaki yamesimama kama vijana waliokosa kazi. Bibi yenu alipanda uwele kwenye udongo mkavu kabla ya wingu la kwanza, samadi ya zizi chini, matuta yakiukinga mteremko ili maji yasikimbilie mbugani, na kila mavuno alichagua masuke marefu akayatundika penye moshi. Mbegu yake imo kwenye kile kibuyu kilichozibwa kwa mavi ya ng'ombe, darini juu ya mafiga. Dukani haipo, kwa bwana shamba haipo, na kijiji kizima walishaiacha ikapotea. Hiyo ndiyo mali yangu. Sasa Gasto, wingu likianza...

Mbona mnatazamana?

Evodia. Sema kwa nguvu, mama. Kwamba nilikuwa natapika uji wa mahindi, kwamba nilisema ningepata wa uwele ningekunywa, kwamba ulizunguka mpaka mnadani ukakosa, ukapanda darini...

Ndio huu uji.

Nami nikausifu. Nikakuambia unapika kama bibi yako. Usilie mwanangu, hukunikosea, ulinilisha. Mtu mzima na ndevu zangu nimelala hapa nakunywa shamba zima kwa kikombe, tena naomba niongezewe.

Kiteremshe hicho kibuyu, Gasto. Kilete hapa sikioni. Kitikise... taratibu. Kuna kitu kinagonga ndani, mnasikia? Au ni kifua changu? Wewe una masikio mazima, niambie... hapana, nyamaza. Usiseme.

Kama zimo punje, zipandeni pembeni mwa zizi, penye samadi. Fukuzeni ndege. Masuke ya kwanza msiyale, hata mgonjwa akiomba, hata angekuwa mimi. Na kama hazimo... kama hazimo, sijui, wanangu. Sijui niwaambie nini.

Mungu awape watoto. Awape mvua, ile inayokaa. Msigombane kwa ajili ya... nimesahau. Evodia, weka kikombe chini. Nimeshiba.

Tikisa tena, Gasto.

Tikisa tena.