Bwana Kigingi na Hodi Aliyoichelewesha

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu: anayesoma mbele yenu ni dada yake wa pekee. Wasifu huu ameuandika kwa mkono wake, kwa siku mbili, na amekataa kusaidiwa. Alikuwa karani wa mahakama kwa miaka ishirini na sita, kwa hiyo tarehe msizitilie shaka. Mengine mtamvumilia.

Marehemu alizaliwa asubuhi ya Jumamosi, tarehe 14 Machi 1953, katika nyumba ya mabati iliyokuwa pale chini, mnapoona sasa shamba la maharage. Alikuwa kifungua mimba wa mama fundi cherehani na baba dereva wa malori. Dada yake alimfuata miaka minne baadaye. Mama alikuwa akisimulia kwamba kaka huyo alisimama kando ya kitanda, akamkagua mgeni kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akauliza, "Huyu ataondoka lini?" Hakuondoka, kama mnavyomwona.

Alianza darasa la kwanza Januari 1960, katika shule iliyokuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu. Darasani alikuwa mtu wa kawaida tu, isipokuwa hesabu na kuchora. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja alichora ramani ya kutoka nyumbani hadi shule nyuma ya kalenda ya zamani, akagundua kwamba ukikata katikati ya shamba la mahindi la jirani unaokoa robo saa. Akakata. Siku ya tatu mama aliona magugu kwenye soksi zake.

"Umepitia wapi?"

"Njia ya mkato, mama. Nimeipima."

"Kupima umepima. Na hodi je, umepiga?"

Mama alimshika mkono akampeleka kwa jirani akiwa bado na sare za shule, akasimama nyuma yake mpaka maneno yakamtoka. Jirani alicheka, akampa ruhusa apite kila siku, ila asikanyage miche. Marehemu aliisimulia habari hiyo hadi uzeeni, na kila mara soksi zilikuwa na magugu mengi zaidi. Alimaliza sekondari mwaka 1973, akajiunga na chuo cha ufundi, na mwaka 1976 akapata stashahada ya upimaji ardhi.

Jumatatu ya tarehe 2 Agosti 1976 aliajiriwa na kampuni ya umeme ya mkoa kama mpima msaidizi. Kufikia mwaka 1988 ndiye aliyekuwa mkuu wa kupanga njia mpya za umeme wa msongo mkubwa, zile za minara mirefu ya chuma inayotembea kutoka kilima hadi kilima. Watu wengi hudhani minara hiyo huota yenyewe. Kabla ya mnara mmoja kusimama, kuna mtu amekaa na ramani miezi na miezi akiuliza maswali. Udongo wa hapa utabeba msingi? Mto ukifurika utafika wapi? Nani anaishi hapa, na huyo mtu tutamwambiaje? Chini ya nyaya lazima uachwe mkuza, yaani ukanda mpana usio na nyumba wala miti mirefu. Mhandisi akiutazama huona mita arobaini. Marehemu aliona jiko la mtu.

Kwa hiyo alikuwa na sharti lake. Njia yoyote aliyoichora aliitembea yote kwa miguu, akiwa na chupa ya chai, nyundo na mfuko wa vigingi vyenye vichwa vyekundu. Akifika kwenye kiwanja cha mtu alipiga hodi. Alikaa, aliulizia wagonjwa, aliuliza maji yanachotwa wapi na nguo zinaanikwa wapi, ndipo akaeleza. Kigingi cha kwanza alikipiga mwenyewe, mwenye kiwanja akiwa amesimama anatazama. "Mtu asikikute kigingi kwake," aliwaambia vijana wa ofisini. "Akione kikiingia." Wapo waliomfukuza, na mmoja alimmwagia maji ya vyombo. Alijipangusa, akarudi kesho yake. Huko vijijini ndiko walikomwita Bwana Kigingi, na jina likamfuata hadi kwenye barua za kampuni.

Ndoa yake nayo ilitoka kwenye kazi hiyo hiyo. Mwaka 1980 alikuwa akipima karibu na nyumba za wauguzi, akaziacha fito zake za kupimia zimesimama, akaenda kunywa maji. Aliporudi alikuta shuka jeupe limeanikwa juu ya fito mbili. Muuguzi aliyelianika alimwambia, "Samahani kaka, nilidhani serikali imetukumbuka kwa kamba." Marehemu hakuliondoa shuka. Alikaa chini mpaka likakauka, na jua la siku ile halikuwa kali. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 21 Novemba 1981. Wifi yangu, mjane wetu uliyekaa hapo mbele, shuka lile unalo mpaka leo, usikatae.

Sasa msomaji amefika mahali ambapo alishauriwa aparuke. Haparuki.

Mwaka 2004 kampuni ilianza kupanga njia mpya ya kupeleka umeme wa uhakika katika hospitali ya wilaya na miji mitatu iliyo mbele yake. Palikuwa na njia tatu za kuchagua. Ya kwanza ilipita kwenye tope lisiloshika msingi. Ya pili ilipita juu ya nyumba ya mama mmoja mfinyanzi, mjane. Ya tatu ilipita hapa, juu ya nyumba ya mama yetu, ambaye alikuwa ameshafariki, na aliyekuwa akiishi humo ni dada mtu, peke yake. Ofisini walimwambia wazi, "Mzee, sogeza mita mia mbili tu upande wa mfinyanzi. Nani atakuuliza?" Akajibu, "Yule mama ameshahamishwa mara moja na barabara. Mara ya pili simhamishi mimi." Akachora mstari juu ya nyumba aliyozaliwa.

Msomaji anataka lieleweke: mstari ule ulikuwa sahihi. Angemweleza dada yake, dada angekubali. Angepiga kelele kwanza, kelele nyingi, ila angekubali. Lakini mtu huyu aliyepiga hodi kwenye milango ya watu asiowajua kwa miaka ishirini na tisa alikuja hapa Jumatano, tarehe 17 Agosti 2005, akijua fika kwamba Jumatano dada yake yuko mahakamani. Akapiga kigingi hatua mbili kutoka mlango wa jiko, kando ya jiwe la kufulia la mama, akaondoka. Majirani walisema, "Kaka yako alikuwa hapa. Hata maji hakunywa." Dada alirudi jioni na mkoba wake begani, akakikuta kichwa chekundu kinamtazama.

Kampuni ilimjengea nyumba nyingine upande wa juu wa kiwanja, nje ya mkuza, hii mnayoiona, na ni nzuri. Ya chini ilibomolewa. Dada aliacha kuzungumza na kaka yake kwa miaka kumi na moja na miezi sita na nusu. Kwenye harusi za watoto walikaa meza moja, na mawasiliano yalipitia kwa wifi. "Wifi, mwambie mumeo anipitishie chumvi." "Mama watoto, mwambie dada yangu chumvi iko mbele yake." Watoto walikuwa wakicheka kwa kujificha. Msomaji naye leo anaweza kucheka kidogo, lakini wakati ule kilikuwa kidonda. Hakukasirikia nyumba. Alikasirika kwamba mfinyanzi asiye ndugu aliulizwa hali yake, na yeye, damu yake, hakuulizwa.

Marehemu alistaafu mwaka 2013. Februari 2017 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Jumapili ya tarehe 5 Machi mwaka huo, saa nne asubuhi, alisimama kwenye geti lile pale.

"Hodi."

"Nani?"

"Mtu wa umeme."

"Watu wa umeme hapa hawapigi hodi."

"Ndiyo maana nimekuja," akasema, na akabaki amesimama.

Dada alimaliza kufagia uwanja wote, hata pasipo na uchafu, ndipo akafungua. Kaka hakuzunguka. Alisema, "Nilikuogopa. Wengine wote niliweza kuwaambia huku nikiwatazama usoni. Wewe nilishindwa."

"Ningekutukana."

"Najua."

"Halafu ningekutengenezea chai."

"Hilo ndilo sikulijua," akasema, akaanza kulia, mtu mzima wa miaka sitini na mitatu. Siku tisa tu kabla hajatimiza sitini na nne, lakini tusimwongezee. Dada naye alilia. Chai ilichemka ikamwagika yote jikoni, wakachemsha nyingine.

Kuanzia hapo dada ndiye aliyempeleka hospitali ya wilaya mara mbili kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine. Wifi alikuwa na magoti mabaya, na dada alikuwa na muda wa kufidia. Walikaa saa nne nne, yeye kitandani, dada kwenye kiti cha plastiki, wakibishana juu ya mambo ya mwaka 1965. Siku moja fundi wa hospitali alikuja kuangalia mitambo, akamtambua mgonjwa, akamwambia dada kwamba zamani umeme hapo ulikuwa ukikatika kila mara, na mashine kama hizo zisingeweza kuwekwa kabla ya njia ile mpya. Dada alimgeukia kaka. Alikuwa amefumba macho, anajifanya amelala. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kulitaja hilo kama kisingizio, hata mara moja. Siku hiyo dada alimshika mkono na hakubishana naye juu ya chochote.

Jumamosi, tarehe 11 Juni 2022, alipoona nguvu zinamwishia, aliomba aletwe hapa. Alikuja na mkewe, akiwa na fimbo mkono mmoja na mfuko wa plastiki mkono wa pili. Kwenye geti alipiga hodi. Alikaa, akamuulizia dada yake mgongo, akauliza maji yanachotwa wapi, ingawa alijua bomba liko wapi, kwani mtaro wake aliuchimba mwenyewe enzi za mama. Kisha akasema, "Dada, naomba sehemu kwenye kiwanja chako. Ndogo tu. Upande wa juu, nje ya mkuza, pasiguse nyaya wala maharage yako."

Dada alielewa, na moyo ulimwuma kuliko siku ya kigingi. Alimshika kiwiko wakatembea polepole kiwanja kizima, wakasimama hapa, mahali ambapo ukitazama chini unaona jiwe la kufulia la mama. Akamwambia, "Hapa." Kaka akatoa nyundo na kigingi kimoja chenye kichwa chekundu, cha mwisho kutoka kwenye mfuko wake wa kazi. Mkono mmoja aliuhitaji kwa fimbo. Basi yeye alikishika kigingi na dada akaipokea nyundo.

"Angalia vidole vyangu," akasema.

"Hivyo vidole nimevitafuta miaka kumi na moja," dada akajibu, akapiga, wakacheka mpaka wifi akatoka ndani kuuliza kuna nini.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 6 Septemba 2022, saa tatu asubuhi, hospitalini, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Mkewe alikuwa amemshika mkono wa kulia. Familia inawashukuru wauguzi, madaktari, na fundi yule wa mitambo ambaye alikuja kuaga akiwa na sare za kazi.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto wa kiume mmoja, wajukuu watano, na dada mmoja.

Wachimbaji walipofika jana waliuliza kama waking'oe kigingi kile kwa kuwa kinawazuia. Waliambiwa wachimbe pembeni yake, nacho mtakiona hapo upande wa kichwa. Kila mwenye kiwanja alistahili kukiona kigingi kikiingia, na dada yake alikiona kikiingia. Safari hii hakumkuta kaka yake amepita. Alimsikia getini, akafungua.

Karibu, kaka. Pumzika, uko kwenu.