Vistari Viwili vya Shangazi

Ijumaa hii, tarehe 30, Shangazi anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili na miezi minne katika chumba cha kompyuta cha ofisi yetu ya ramani. Humu ndani hana mpwa hata mmoja, lakini sote tunamwita Shangazi, mkurugenzi akiwemo.

Alianza kazi wakati kompyuta ilikuwa moja tu, kubwa kama kabati, nayo ina feni yake ilhali wafanyakazi hawana. Alikuwa akiiandikia amri kwenye kioo cheusi, na mapema sana akagundua kwamba ni kiumbe mtiifu kupita kiasi. Neno likianza na kistari, hudhani imeamrishwa. Lisipoanza na kistari, hulichukulia kuwa jina la faili. Kisha zikaja lugha za kuandikia programu, kila moja na mambo yake: hii inapokea amri kwa alama ya mkwaju (/), ile inalidaka neno lenye alama ya kujumlisha kabla halijaifikia programu iliyokusudiwa, kama bawabu anayefungua barua za bosi. Shangazi alizijua tabia zao zote kama mtu anavyowajua mawifi zake.

Halafu tukaletewa karani wa masjala. Huyu ndugu yetu, Mungu amlinde, huanza jina la kila faili muhimu kwa kistari ili ikae juu kwenye orodha. Siku moja alitaka kuchapa vitu viwili kwa mpigo: ramani ya kiwanja aliyoiita "-n90", na ombi la likizo la mkurugenzi. Kwa printa yetu, "-n90" maana yake ni toa nakala tisini. Ramani haikutoka. Ombi la likizo lilitoka mara tisini, na kwenye nafasi ya sababu mkurugenzi alikuwa ameandika kwamba wafanyakazi wamemchosha. Hadi mlinzi wa getini alipata nakala yake.

Dawa ya Shangazi ilikuwa vistari viwili. Ukiviandika peke yake kabla ya majina, kompyuta inaelewa kwamba amri zimeishia hapo na yanayofuata yote ni majina tu. Aliipenda kanuni hiyo hadi akaihamishia kwenye chai. Saa nne kamili hugonga kikombe kwa kijiko mara mbili, na kuanzia hapo hakuna bosi wala wa kutumwa. Mkurugenzi mwenyewe huosha vikombe, tena vizuri.

Mwezi uliopita mkurugenzi alitangaza kwamba tukishindwa kujitegemea, Shangazi ataongezewa mkataba wa miaka miwili. Shangazi alimjibu kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mumewe alistaafu miaka mitano iliyopita, anakula chakula cha mchana peke yake na redio, na kila siku hupiga simu kuuliza zimebaki siku ngapi. Ukapangwa mtihani: mimi, mwanafunzi wake kwa miaka tisa sasa, nichape ratiba hii ya kumuaga, naye aketi kando bila kugusa wala kusema kitu.

Faili aliiandaa karani wa masjala. Kwa heshima, aliiita "-kwaheri".

Printa ilikataa mara mbili, ikidai haiijui amri hiyo. Mkurugenzi akatoa kalamu na kuufunua mkataba. Mimi kichwani sikuwa na kitu, jasho tu. Shangazi alitazama dari, akakoroga chai yake isiyo na sukari, na kijiko kikagonga kikombe mara mbili.

Nikaandika vistari viwili. Ratiba ikatoka, ndiyo hii uliyoishika; maneno haya nimeyaambatisha baadaye.

Mkurugenzi alikisikia kijiko kama mimi. Lakini kijiko kikishagonga hakuna bosi, na kanuni ni kanuni. Aliukunja mkataba, akaenda kuosha vikombe.

Shangazi, asante kwa subira yako, hasa kwangu. Nimekupenda na nitakukosa sana. Ijumaa hotuba zikiisha tutagonga meza mara mbili, nawe uende zako kwa amani na afya tele. Ukifika nyumbani, mwambie mzee azime redio.