Murdena MacEachern, Aliyeuliza Mfupa Uko Wapi (1946–2023)

Marehemu Murdena alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 hapa hapa Mabou, binti wa Angus na Sarah Gillis. Alitanguliwa kuzaliwa na kaka yake Duncan, anayewasomea haya, mzuri wa sura kuliko Gillis wote. Anayebisha asubiri chai.

Shule alimaliza 1964. Duncan aliishia darasa la sita, akamwachia dada masomo yote yaliyobaki. Murdena akasomea uuguzi mjini Antigonish, akafuzu 1967, akaajiriwa hospitali ya watoto Halifax, chumba cha upasuaji. Tarehe 14 Juni 1969 aliolewa na Roddie wa posta, aliyeposa mara tatu, maana mara mbili za kwanza Murdena alikuwa zamuni.

Kazi yake ilikuwa kumpa daktari vifaa. Tarehe 17 Oktoba 1984 mezani alilala Lorna Boutilier, miaka sita, aliyezaliwa na uvimbe wa maji katikati ya shingo. Alishapasuliwa kwingine, ukarudi. Uvimbe ule mzizi wake hupita kwenye kimfupa kilicho chini ya ulimi. Usipokata kipande cha katikati cha kimfupa hicho, unarudi tena, na kila kurudi kisu kinapita kwenye makovu, jirani na njia ya hewa.

Dk. Corkum akatoa uvimbe, akanyoosha mkono.

"Uzi, Sista."

"Mfupa uko wapi, Daktari?"

"Ulitolewa mara ya kwanza. Imeandikwa."

"Nani aliuona?"

"Sista, mtoto yuko usingizini. Uzi!"

Murdena akaushika uzi, hakuutoa. Watu wote mle ndani wakatazama sakafu.

"Kesho utatafuta kazi nyingine."

"Kesho nitatafuta. Leo weka kidole."

Daktari akaweka kidole kwenye kidonda, akabonyeza. Akabonyeza tena, polepole. Mfupa ulikuwepo, mzima, haujaguswa na mtu.

"Koleo la mfupa," akasema, kwa sauti ndogo kabisa.

Kipande kilichotoka hakizidi punje ya haragwe. Shukrani daktari hakutoa, wala kazi hakumfukuza. Ila Jumatatu iliyofuata, kabla ya kumshona mtoto mwingine mwenye uvimbe kama ule, aligeuka: "Sista, mfupa umeuona?" Akauliza hivyo mpaka alipostaafu, na wanafunzi wake bado wanauliza.

Novemba 2022 Murdena aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Akamwambia daktari, "Kijana, usinizungushe. Miezi mingapi?" Akajibiwa mitatu. Alifariki nyumbani tarehe 2 Februari 2023, Roddie akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti zake Sheila na Effie, wajukuu wanne, na kaka asiyejua atamtania nani sasa. Benchi la tatu ameketi Lorna, miaka arobaini na nne. Hakukatwa tena.

Mungu ampokee Murdena kwa amani, na Murdena akimuuliza swali, amjibu.