Miwani Nyeusi ya Bibi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nasoma haya kutoka kwenye daftari langu, maana nikisimama mbele za watu sauti hukimbia. Leo haikimbii!

Niko kidato cha tatu hapa Nkome, naishi na mama na bibi. Macho ya bibi ni mekundu, kwa sababu amekausha samaki kwa moshi tangu mama yangu akiwa anabebwa mgongoni. Lakini mnajua kwetu kikongwe mwenye macho mekundu anaitwa nani. Mchawi! Mtoto wa jirani alipougua, mwenye nyumba akatuambia tuhame. Tukazunguka kutafuta chumba. Wenye nyumba wakimwona bibi tu, tunaambiwa chumba kimeshapata mtu.

Ndugu zangu, nikaacha kuomba, nikaanza kudanganya. Tulipopata chumba na sebule kwa Mama Kulwa, nilimvalisha bibi miwani nyeusi niliyopewa na dereva wa bodaboda, nikasema ametoka kupasuliwa macho. Bibi hakutaka.

"Mjukuu wangu, nimeiba nini hata nijifiche?"

Nikamwekea miwani sawasawa puani.

Siku ya kuhamia, Kulwa na Doto, mapacha wa Mama Kulwa, wakamzunguka wakiruka: "Bibi staa! Bibi staa!" Doto akaivuta miwani, ikaanguka. Mpangaji mmoja pale uani akaguna, "Mh! Macho yale!" Mama yangu akaanza kulikunja godoro upya.

Hapo nikasikia moyoni: Sema! Nikapiga magoti mbele ya Mama Kulwa.

"Shikamoo mama. Nilikudanganya. Bibi hajapasuliwa. Ni moshi wa samaki, na samaki hao ndio wanaonisomesha. Ukitufukuza tutaondoka, ila simfichi tena."

Mama Kulwa alimtazama bibi, akamtazama weee. Kisha akamgeukia yule mpangaji: "Na macho ya mumeo je? Kila Jumapili mekundu, na samaki hajawahi kukausha hata mmoja!"

Watu walicheka mpaka kuku wakakimbia! Mama Kulwa akaokota miwani, akampa Doto achezee. Akamshika bibi mkono, akamwita kwa Kisukuma kama mtu anavyomwita mama yake: "Mayu, ingia ndani. Jiko liko huku."

Haleluya! Sisemi yameisha. Wapo ambao hadi leo hawatusalimii. Lakini bibi yuko pale, benchi la pili, macho wazi. Ndugu yangu unayemficha mtu wako kwa kuogopa maneno, mtegemee Mungu, mtoe nje. Na tukimaliza ibada, njoo umsalimie bibi yangu. Mtazame machoni.