Mtihani wa Mchumba wa Hafsa

Pale Kitete, kwenye benchi la Zamda muuza kahawa, siri ya mtu haipati nafasi ya kupoa. Asubuhi hiyo Hafsa, mjane, alikaa na simu mapajani, roho juu. Adinani, Mzaramo aliyejuana naye harusini Dar, alitaka jibu leo, akate tiketi ya treni aje kuposa. Kilichomtatiza Hafsa ni utamu wa jumbe zake. Na Dionis, aliyebandikwa jina la Profesa tangu aanze kusoma kitabu cha mwanzo cha akili za watu na za mashine, alikuwa keshazisoma zote.

— Hizi kaandika mashine, dada. Mzee mzima aandike “moyo wangu umepata kivuli”?

— Marehemu wangu aliandika “nimefika” tu, alikiri Hafsa.

— Kwani kitabu kinasema akili ni nini? aliuliza Ferdinandi Bonge, mfanyabiashara wa nafaka.

— Kupokea, kutunza na kutoa.

— Basi ghala langu lina akili.

— Linayo. Ya mahindi.

— Mke mwenzangu hana hata hiyo, alisema Zamda, akimimina.

— Sasa nitamjuaje kama ni mtu? aliuliza Hafsa.

— Unaipima kwa maneno, bila kuiona, alisema Dionis.

— Mtukane! alidakia Ferdinandi. Mzaramo mtani wetu Wanyamwezi tangu babu zetu wabebe pembe za ndovu kwenda pwani. Mtu atarudisha. Mashine itajulia wapi utani?

Hafsa akaandika: “Mzaramo mvivu wewe, jembe unaliona kwa jirani tu.” Akatuma.

Jibu likaja: “Samahani kama nimekukosea. Nakuheshimu sana.”

— Mashine, alisema Dionis, kama daktari anayetoa majibu.

Hafsa akaanza kuandika: “Usije.”

Hapo akafika Recheli, nesi, katoka zamu.

— Shikamooni. Mbona kama kuna msiba?

Wakamweleza, wote kwa pamoja.

— Kwani anajua kama dada ni Mnyamwezi? Mji huu si una Wamanyema, Waha, Waarabu?

Dionis alifungua kitabu, akakifunga.

Hafsa akafuta, akaandika upya: “Mimi Mnyamwezi.”

Simu ikalia papo hapo: “Si useme mapema, mpagazi wangu! Nina begi zito, uje stesheni ulibebe. Na ugali wenu wa kupasulia kuni usinipikie.”

Hafsa akasimama, akakaza khanga.

— Unakwenda wapi na kahawa hujamaliza? aliuliza Zamda.

— Kuanika udaga wa muhogo. Ugali wake ndio mgumu kweli.