Cornelius Teague Anavua Kinyago: Miaka Ishirini na Minane ya Kipimo Kimoja

Jumamosi hii, tarehe 25 Septemba 1926, mchezo wa mwisho wa msimu utakapomalizika hapa Galloway Bend, Bwana Cornelius Teague atavua kinyago chake cha chuma, atakikung'uta vumbi, na hatakivaa tena. Amekuwa mwamuzi wa besiboli katika Ligi ya Mito Miwili kwa miaka ishirini na minane. Kamati imeniomba mimi, Hattie Lindqvist, karani wa ofisi ya ligi, niandike machache juu yake katika karatasi hii ya mchezo. Machache siyawezi, lakini nitajitahidi kumaliza kabla mrushaji hajapasha mkono wake moto.

Con, kama tunavyomwita sisi tuliomzoea, alianza kama mchezaji, na wote waliomwona wanakubaliana kwamba uamuzi wa kuacha kucheza ndio uamuzi wake bora kuliko yote. Alikuwa mdakaji, yule anayedaka mipira ya mrushaji, enzi zile ambapo glovu ilikuwa nyembamba kama soksi. Vidole vyake vilivunjika kimoja baada ya kingine, na hadi leo kila kimoja kinatazama upande wake. Ukimwomba akuelekeze njia, hakikisha kwanza unafuata kidole kipi.

Alipovaa kinyago cha mwamuzi mwaka 1898, alikuwa peke yake katikati ya uwanja, amezungukwa na umati wa watu ambao kila mmoja alikuwa ameona vizuri kuliko yeye. Wenzetu wa Port Amity walikuwa na desturi ya kuja na viazi mifukoni, na si kwa ajili ya kula. Con aliviokota vile vilivyokuwa vizima akavipeleka nyumbani. Siku moja alirudi mikono mitupu, na mkewe, Bi. Norah, akamtazama juu mpaka chini.

"Leo umewapendelea nini?" akamuuliza.

Wasioizoea ligi hii hushangazwa na jinsi anavyofagia kibao, kile kipande cheupe ambacho mpira lazima upite juu yake ili uwe halali. Waamuzi wote huinama kukifagia, na wengi huchagua kuwapa mgongo wageni, kwa heshima ya wenyeji. Con huwapa mgongo wenyeji mara hii, na mara inayofuata wageni, bila kukosea zamu. Nilipomuuliza sababu, alisema anataka kila upande upate nafasi sawa ya kulenga.

Hapo ndipo penye Con mzima. Kwake kanuni ni kanuni, hata ikimuuma mwenyewe. Wakongwe wanakumbuka habari ya paja la nguruwe. Ligi ilikuwa imemfungia mchezaji mmoja michezo mitatu kwa kupokea boksi la sigara kutoka kwa mashabiki. Krismasi ilipofika, watu wa Port Amity, labda kwa kujutia viazi, walimpelekea Con paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Bi. Norah alilipika bila kuuliza lilikotoka, na familia ikala mpaka mfupa. Alipojua, Con alivaa kofia akaja ofisini kujishtaki. Rais wa ligi yetu, Bwana Alden Prouty, alicheka hadi miwani ikamdondoka.

"Con, nenda nyumbani," alisema. "Hilo ni paja tu."

"Na zile zilikuwa sigara tu," Con akajibu.

Basi akafungiwa, kwa ombi lake mwenyewe. Msimu ulipoanza alikaa nje michezo mitatu, jukwaani, katikati ya watu. Mimi nilikuwa safu ya nyuma yake, na niko tayari kuapa mbele ya hakimu yeyote kwamba katika mchezo wa pili nilimsikia akimpigia kelele mwamuzi aliyeshika nafasi yake, "Wewe, nunua miwani!" Yeye anakana. Ni mara pekee niliyowahi kumsikia akidanganya.

Sasa nije kwenye jambo ambalo bila hilo karatasi hii isingeandikwa, na pengine ligi yenyewe isingekuwapo.

Mwaka 1911 mdakaji wa akiba wa Galloway Bend, Jozef Wrobel, alikubali pesa za wacheza kamari ili timu yake ishindwe. Aliuachia mpira uliokuwa mikononi mwake, mchezo ukapotea. Alipoitwa mbele ya kamati alikiri kabla hajaulizwa mara ya pili. Kamati, na Con akiwemo, ilimfukuza maisha. Hakuna aliyemtetea. Wrobel alikuwa mtoto wa wahamiaji, hakuwa na jina, na wiki iliyofuata magazeti yalishamsahau. Akapata kazi ya kugawa barafu majumbani, na nyumba mojawapo katika mzunguko wake ilikuwa ya Con Teague.

Fikirieni hilo. Mtu aliyekufukuza kazini, nawe unaingia jikoni kwake na bonge la barafu begani. Bi. Norah alimpa kahawa kila alipokuja. Con alisema habari za asubuhi, naye Wrobel akajibu nzuri, yakaishia hapo. Mitaani watoto walimwimbia Wrobel nyimbo za mpira unaoteleza, naye akapita kimya. Hakulalamika. Alijua alichokifanya.

Halafu, kiangazi cha 1913, ukaja mkasa wa Wendell Rausch. Vijana hamwezi kujua Rausch alikuwa nani wakati ule. Alikuwa mrushaji wa Port Amity, mkono wake ukilipuka kama bunduki, na treni za ziada ziliwekwa siku anayorusha. Watoto walibatizwa jina lake. Naye, siku moja ya Agosti, dhidi ya timu ya mkiani, alirusha mipira laini laini ambayo hata mimi ningeipiga kwa mwavuli. Wacheza kamari walikuwa walewale. Rausch naye alipoitwa alikiri, huku akilia.

Kabla kamati haijakutana, mji mzima ulishajua kwamba wenye timu wanataka kumfungia siku thelathini tu. Asubuhi ya kikao, Wrobel aliingia jikoni kwa Con, akaiweka barafu mahali pake, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili akasema zaidi ya salamu. Bi. Norah ndiye aliyenisimulia.

"Bwana Teague, mimi sijawahi kukulaumu," alisema. "Niliuza mchezo, nikafukuzwa, sawa. Lakini nimesikia kuuza mchezo ni siku thelathini. Zangu zimeisha lini, mbona hakuna aliyeniambia?"

Con alichukua kofia akatoka. Bi. Norah anasema hata kahawa hakuimaliza.

Kikao kilikuwa kwenye chumba cha kulia cha hoteli ya hapa Galloway Bend, na mimi nilikuwa nikiandika kumbukumbu. Aliyezungumza kwanza ni Bwana Barnaby Kessler, mwenye timu ya Port Amity na kiwanda cha sabuni.

"Tusemezane kiutu uzima," alisema. "Watu wanakuja kumwona Rausch. Mnadhani watalipa kiingilio kuniona mimi nikikata sabuni? Siku thelathini, tumkaripie, yaishe."

"Sawa," Con akasema. "Siku thelathini ni sawa kwangu. Kwa hiyo Wrobel anarudi kesho."

Mwenye timu ya hapa kwetu akasema hawezi kumrudisha mwizi uwanjani, watu watamcheka.

"Basi kuuza mchezo ni maisha," Con akasema. "Hilo pia ni sawa kwangu. Rausch aende."

"Wewe Con, acha ukaidi!" Kessler akafoka. "Huyo Wrobel alikuwa mdakaji wa akiba. Nani anamkumbuka?"

"Ananiletea barafu. Namkumbuka."

"Hivi unataka nini hasa?" Bwana Prouty akamuuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, si ya hasira.

"Sitaki kitu, Alden. Nataka mniambie mchezo uliouzwa una adhabu gani. Nitajieni moja, yoyote, nitaisimamia. Mkinitajia mbili, tafuteni mwamuzi mwingine. Mimi nilikaa nje kwa ajili ya nyama. Siwezi kusimama nyuma ya kibao kinachonenepa kwa huyu na kukonda kwa yule."

Kisha akatoa ule ufagio wake mdogo mfukoni, akauweka mezani kando ya sahani za kuku. Alikuwa na watoto wanne, na msimu wa baridi ulikuwa unakaribia. Mimi niliogopa kuliko yeye. Nilijua Kessler angeweza kuuchukua ule ufagio akauvunja, na kungekuwa na watu wa kumpigia makofi.

Kuku walipoa. Mhudumu alikuja kuwaondoa, akaambiwa asubiri, akaja tena. Walibishana mpaka taa zikawashwa, na kila mmoja alipotaja adhabu ya mmoja, Con aliuliza, "Na yule mwingine?" Hatimaye Bwana Prouty, Mungu amrehemu, akasema kama mtu aliyeokota kitu alichokuwa amekikanyaga siku nzima: anayekiri, misimu miwili nje, anayekana kisha akabainika, maisha, na iwe hivyo kwa yeyote, aliyetangulia na ajaye. Wakapiga kura. Kessler alikuwa wa mwisho kuinua mkono, na aliuinua hadi usawa wa kifua tu, lakini nilimhesabu.

Wrobel alikuwa ameshamaliza misimu yake miwili. Rausch alikuwa ndiyo kwanza anaanza ya kwake.

Nisiwadanganye kwamba watu walifurahi. Con alipokwenda Port Amity wiki iliyofuata, viazi vilirudi, na safari hii vilikuja na kabichi. Bi. Norah alitengeneza supu nzuri sana, nami nilialikwa.

Majira ya kuchipua Wrobel alivaa tena glovu. Uwanja huu ulijaa watu waliokuja kumtazama, wengine kwa wema na wengine kwa umbea. Mpira wa kwanza kabisa ulimjia kifuani, sawasawa, mpira wa mtoto. Akauangusha. Ukabiringika mpaka miguuni pa Con. Kila mmoja wetu aliwaza jambo lilelile. Con aliutazama mpira, akamtazama Wrobel aliyekuwa mwekundu kama nyanya, akatoa ufagio wake na kufagia kibao ambacho hakikuwa na vumbi hata chembe. Alifagia polepole sana, mpaka mdakaji akapata pumzi yake.

"Chezeni," akasema.

Wrobel hakuangusha mwingine siku ile. Leo ndiye mwalimu wa wadakaji wetu, na watoto wanaomwimbia sasa ni wa kwake mwenyewe.

Rausch alirudi zamu yake ilipofika, mkono umepungua ile baruti. Kwa misimu miwili alikuwa akivuka barabara ili asikutane na Con. Mpira wake wa kwanza siku aliyorudi ulipita pembeni ya kibao, upana wa kidole tu, na uwanja mzima wa Port Amity ukamwomba mwamuzi afumbe macho. Con akasema si halali. Rausch alimkodolea macho, kisha akaanza kucheka, na tulimsikia mpaka jukwaani.

"Hujabadilika, mzee."

"Na kibao hakijabadilika," Con akasema. "Rusha."

Tangu wakati ule ligi hii imepata makosa mengine, makubwa kwa madogo, na haijawahi tena kukaa mpaka taa kuwashwa. Ligi tajiri kuliko yetu zimefika mahali pa kumfungia mmoja na kumsamehe mwingine, na watu wao hawajui tena wanatazama mchezo au maigizo. Sisi ni wadogo, majukwaa yetu yanavuja, lakini mtu akiangusha mpira hapa tunajua ameuangusha tu. Hiyo ni raha kubwa, na tumeipata kwa Con. Namshukuru kwa niaba ya ofisi, na namshukuru kwa niaba yangu mwenyewe.

Kuhusu zawadi, kumekuwa na tatizo dogo. Watu wa Port Amity wameleta paja la nguruwe, kubwa kuliko lile la kwanza. Con ameikumbusha kamati kwamba yeye bado ni mwamuzi. Kamati imekaa, imejadili, na imeamua kwamba atakabidhiwa baada ya mchezaji wa mwisho kutolewa, si dakika moja kabla. Bi. Norah ameshaandaa sufuria.

Kabla ya mchezo, Bwana Wendell Rausch atarusha mpira mmoja wa heshima, na Bwana Jozef Wrobel ataudaka. Ni wao wawili walioomba. Bwana Rausch sasa ana kitambi na bega bovu, hivyo nilimwendea Con na kumnong'oneza kwamba, kwa kuwa ni sherehe, labda aahidi kuuita halali popote utakapopita.

"Na aurushe kwanza," akasema.

Basi kaa salama na Bi. Norah wako, Con, ule ushibe, ulale mpaka jua likuchome. Upumzike miaka mingi kuliko uliyosimama. Na kila atakayewahi kukuhukumu, huku duniani na huko mbele, akuhukumu kwa kibao chako.